Jina Lililo Kwenye Tiketi Yako ni la Nani?

Najua nimepotea kidogo, majukumu yalibana. Leo nimerudi na jambo ambalo limenikaa kichwani tangu nilipokwenda Unguja kikazi, na nikiri mapema kabisa: katika lawama nitakazozitoa hapa, na mimi nimo.

Nilikuwa bandarini Malindi asubuhi moja ya kaskazi, jua tayari linachoma. Kama umewahi kupita pale unaijua hali yake. Eneo dogo, shughuli kubwa. Makontena hapo hapo, magunia hapo hapo, abiria wa boti za Dar, abiria wa Pemba, makuli na mikokoteni yao, wanaosindikiza, wanaopokea, na wale ambao hujui wanafanya nini lakini kila siku wapo. Siku hiyo kulikuwa na mgeni: meli kubwa ya kitalii, nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, na boti zetu pembeni yake zinaonekana kama daladala zilizoegeshwa kando ya hoteli.

Msimu wake ndio huo. Ulaya kukiwa na baridi na bahari yetu ikiwa imetulia, meli hizi huja Bahari ya Hindi, hupita Mombasa, Unguja, Shelisheli, Madagaska, nyingine zinashuka hadi Durban na Cape Town. Wageni wanashuka asubuhi, wanatembezwa Mji Mkongwe, wanapelekwa mashamba ya viungo, wanavushwa Changuu kutazama kobe, jioni wanarudi melini na safari inaendelea.

Kilichonivutia hata hivyo hakikuwa meli yenyewe. Ilikuwa ngazi.

Pale chini ya ngazi kila mgeni alikuwa anatoa kadi yake, mashine inalia "ti", na jamaa wa ulinzi anatazama picha kwenye kioo na kumtazama mwenye uso. Ti, mmoja. Ti, mwingine. Mzee mmoja alishuka kwa haraka, mashine haikulia, akaitwa. Akapanda tena ngazi zile, taratibu, na mkongojo wake, mpaka mashine ikalia. Hakuna aliyemwonea haya wala aliyesema "mwache tu, si anaonekana ni wa humu". Nilimuuliza jamaa mmoja anayefanya kazi na wageni hao kama jambo hilo ni lazima. Akaniambia jioni, kabla ngazi haijainuliwa, wale watu wanajua ni nani hajarudi, kwa jina na kwa namba ya chumba.

Basi nikaenda kukaa kwenye benchi la wanaosubiri boti ya Pemba, nikiandika andika. Pembeni yangu alikuwapo bi mkubwa mmoja na mjukuu wake. Tukazungumza, kama ilivyo kawaida ya safari. Nikamsimulia habari za ile "ti ti" ya wazungu. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Akaniuliza, "Na akizama mmoja wao, wanamjua?"

Nikamwambia, ndiyo bi mkubwa, wanamjua.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sie mwanetu hakuwemo kwenye karatasi."

Hapo ndipo nilipojua nimekaa na nani. Alikuwa anazungumzia usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Septemba 2011, usiku wa MV Spice Islander I. Mtoto wa dada yake alikuwa Unguja, alisema atarudi Pemba wiki ile. Tiketi, kama alikuwa nayo, aliipata mkononi kwa mtu. Simu yake haikupatikana tena. Maiti yake haikuonekana. Jina lake halikuwapo popote. "Sie wenyewe ndio tuliokwenda kumtaja," alisema.

Nikauliza swali la kijinga, maana sisi waandishi ndio kazi yetu: ilichukua muda gani kukubali kwamba amefariki? Akaniambia jambo ambalo kwa miaka yote niliyoandika na kusoma habari za meli sikuwahi kulifikiria. Kwamba ugomvi mkubwa nyumbani ulikuwa ni eda ya mkewe. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi. Lakini inaanza lini, ikiwa hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba mume alipanda? Wengine walisema alibaki Unguja. Wengine wakasema huenda alikwenda Dar kutafuta maisha bila kuaga. Wengine wakasema msubirini. Mke kijana, watoto wadogo, hajui yeye ni mjane au ni mke aliyetelekezwa. Mirathi haigawiwi. Cheti hakuna. Kwa miezi ile yote, alisema bi mkubwa, kila mlango ukibishwa usiku dada yake alikuwa anainuka.

Kisha boti ikaita. Akafunga mtandio wake, akamshika mjukuu mkono, akaniombea dua, akaenda zake.

Wadau, tukumbushane kidogo. Spice Islander ilikuwa inatoka Unguja kwenda Pemba, siku chache baada ya Idi, watu wanarudi makwao. Ilizama usiku wa manane katika mkondo wa Nungwi. Siku za mwanzo tulisikia idadi ya abiria ikitajwa kwa mamia: mara mia sita, mara mia nane. Tume iliyoundwa kuchunguza ikaja kueleza mwanzoni mwa 2012 kwamba waliokuwemo walizidi 2,000. Maiti zilizopatikana zilikuwa 200 na ushei. Hebu zitazame tena hizo namba. Tofauti kati ya idadi ya kwanza na ya mwisho ni zaidi ya watu elfu moja. Hao walikuwa na majina, lakini bandarini hapakuwa na mtu aliyeyaandika.

Haujapita hata mwaka, tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, MV Skagit iliyotoka Dar ikapinduka karibu na Chumbe. Ile ilikuwa imewahi kuvusha abiria kule jimbo la Washington, Marekani, kabla ya kuletwa huku. Ndani yake walikuwemo watu karibu 290. Kwa mara nyingine tena, watu wakakaa bandarini siku kadhaa wakiuliza majina.

Na usidhani ni jambo la bahari ya chumvi peke yake. MV Bukoba, 21 Mei 1996, Ziwa Victoria: waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800, na mpaka leo idadi kamili watu hubishana. MV Nyerere, 20 Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara: kivuko cha uwezo wa abiria 101, waliokufa zaidi ya 220. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba kujua idadi ya waliopanda ilikuwa kazi ngumu kwa sababu mkata tiketi naye alifariki, na mashine yake ikapotea majini. Yaani hesabu ya abiria ilikuwa ndani ya kivuko kile kile, ikazama pamoja na abiria.

Sasa najua wapo watakaosema, "Ah, unalinganisha vitu visivyolingana. Zile ni meli za matajiri." Nami nilifikiri hivyo. Lakini nilipokwenda kusoma nikakuta sababu kubwa ni sheria, na ni nani anasimama mlangoni kuisimamia.

Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, mataifa yalikaa chini na mwaka 1914 yakatoa mkataba wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kwa ufupi kama SOLAS. Unaotumika sasa ni wa mwaka 1974, na umekuwa ukirekebishwa mara kwa mara. Ndani yake, sura ya tatu, kanuni ya 27, kuna maneno mepesi tu: watu wote waliomo kwenye meli ya abiria wahesabiwe kabla meli haijaondoka. Tena majina yao yaandikwe, mtu mzima atofautishwe na mtoto na mchanga, na orodha hiyo iwekwe nchi kavu ili waokoaji waipate. Nchi kavu, wadau. Siyo mfukoni kwa karani aliyemo ndani.

Lakini SOLAS kimsingi ni ya meli zinazotoka nchi moja kwenda nchi nyingine. Dar kwenda Unguja ni safari ya ndani. Unguja kwenda Pemba ni safari ya ndani. Ukara ndiyo usiseme. Kwa hiyo katika bandari moja, maji yale yale, mgeni anayetembelea mara moja katika maisha yake yuko chini ya kanuni ya dunia, na bi mkubwa anayevuka kila mwezi yuko chini ya kanuni zetu wenyewe. Na zipo, sisemi hazipo. Bara kuna TASAC, Zanzibar kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini. Ila kanuni iliyoko kabatini haimhesabu mtu.

Wala wenzetu hawakuzaliwa wakijua. Septemba 1994 meli ya Estonia, iliyokuwa inatoka Tallinn kwenda Stockholm, ilizama usiku kwenye dhoruba. Walikuwemo watu 989, wakafa 852. Miaka minne baadaye, 1998, Umoja wa Ulaya ukatoa agizo: abiria wote wahesabiwe kabla ya kung'oa nanga, na safari ikizidi maili ishirini za baharini majina yao yaandikwe. Dar na Unguja zimeachana kwa maili kama arobaini. Tungekuwa kule, mimi na wewe tungeandikwa.

Hata hizo meli nyeupe zimeshaadhirika. Costa Concordia ilipanda mwamba Italia tarehe 13 Januari 2012, miezi minne tu baada ya Spice Islander, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Nahodha alifanya mambo ya aibu, na kwa siku kadhaa idadi ya wasiojulikana walipo ilikuwa inapanda na kushuka. Lakini mwishowe walijulikana: wamekufa 32, kila mmoja kwa jina. Mwili wa mwisho ulitafutwa mpaka ukapatikana mwaka 2014. Karibu miaka mitatu, wanamtafuta mtu mmoja, kwa sababu walijua kwamba yupo mmoja amebaki. Sisi tungemtafutaje mtoto wa dada yake bi mkubwa, ikiwa hatujui kama alipanda?

Haya, nimesema na mimi nimo. Nieleze.

Miaka kadhaa iliyopita, siku mbili kabla ya Idi, nilitakiwa kuvuka. Bandari siitaji, kampuni siitaji. Nilifika dirishani nikaambiwa nafasi zimekwisha. Nilipogeuka tu, jamaa mmoja akanivuta shati: "Bro, unaenda? Ninayo moja." Akaongeza bei kidogo, nikalipa. Tiketi ilikuwa na jina la mwanamke. Nilimwambia, akacheka, "We pita tu, leo nani atasoma?" Na kweli hakuna aliyesoma. Nikapita, nikapata kiti, nikajiona mjanja. Nilipofika niliwasimulia jamaa zangu kama kichekesho.

Sasa fanya hesabu. Boti ile ingezama, mama yangu angekwenda kusimama mbele ya ile karatasi iliyobandikwa ukutani, angeipitia kwa kidole kutoka juu hadi chini, asingeniona. Angeshukuru Mungu. Angerudi nyumbani kuwaambia watu sikupanda. Na familia nyingine ambayo siijui, mahali nisipopajua, ingeweka msiba wa dada aliyekuwa salama kwake, aliyeuza tu tiketi yake kwa mlanguzi. Ujanja wangu wa elfu kadhaa ungezifanyia familia mbili jambo hilo.

Nawe msomaji usijitoe. Ni wangapi kati yetu tumesafiri kwa tiketi ya rafiki aliyeahirisha? Tumempitisha mdogo wetu kwa sababu tunamjua baharia? Tumesema mtoto "huyu wa mapajani" ili asikatiwe, na kweli asiandikwe popote? Watoto ndio wanaosahaulika kuliko wote. Tunaona tumeokoa nauli, kumbe tumemtoa mtoto kwenye hesabu.

Tusidanganyane pia kwamba hakuna kilichobadilika. Baada ya 2011 na 2012 kilio kilikuwa kikubwa, Zanzibar waziri mwenye dhamana akajiuzulu, boti zikawa mpya na za kasi, siku hizi unaulizwa kitambulisho unapokata tiketi, na tiketi ina jina lako. Ni hatua, na anayestahili sifa apewe. Lakini kitambulisho cha dirishani kinamjua aliyenunua. Anayetakiwa kujulikana ni aliyepanda. Kati ya dirisha na ngazi kuna mita nyingi, kuna walanguzi, kuna Idi, kuna Krismasi, kuna shule kufungwa na kufunguliwa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, watu wahesabiwe ngazini, siyo dirishani. Kile kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba, kinachohesabu moja moja, kinauzwa bei ya sahani chache za urojo. Mtu mmoja asimame pale akibonyeza, na asiwe mfanyakazi wa mwenye boti.

Pili, jina lisomwe na uso utazamwe mtu anapopanda. Itachelewesha boti dakika kumi au ishirini. Sawa. Yule mzee mwenye mkongojo alipandishwa ngazi upya na dunia haikuisha.

Tatu, kubadilisha jina kwenye tiketi kuwe rahisi na kuwe bure. Watu wanauza tiketi mkononi kwa sababu kuzirudisha ni usumbufu. Mwenye tiketi na anayeichukua wakiweza kwenda dirishani wakabadilishiwa kwa dakika mbili, mlanguzi atakosa kazi.

Nne, watoto wote waandikwe, hata wa miezi miwili. Wasilipe, ila waandikwe.

Tano, orodha ibaki nchi kavu, kwa mtu wa mamlaka, kabla kamba haijafunguliwa. Na nahodha aitangaze idadi kwenye kipaza sauti: leo tumo watu wangapi, na boti hii inaruhusiwa wangapi. Abiria wasikie wenyewe. Siku namba ya kwanza itakapozidi ya pili, hao abiria ndio watakaokuwa wa kwanza kushuka.

Kuna mzee mmoja wa gazetini kwetu huwa anatuambia vijana kwamba habari ya ajali ya meli huandikwa siku ya ajali, lakini hutokea wiki nyingi kabla. Naongeza kwamba nyingine hutokea kwenye mifuko yetu sisi, pale tunapopokea karatasi yenye jina la mtu mwingine tukasema "potelea mbali, nafasi si ninayo".

Msimu wa kusi ukirudi, bahari itachafuka kama kawaida yake, meli nyeupe zitakuwa zimeshakwenda zake, na sisi tutaendelea kuvuka maana hatuna pengine pa kupita. Wengine wana ndege. Bi mkubwa hana.

Niliporudi Dar jioni ile nilikata tiketi yangu kwa jina langu. Pale mlangoni kijana alikuwa anapokea tiketi harakaharaka, watu wamebanana. Nikamwambia, "Kaka, hebu lisome." Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Wa nyuma yangu wakaanza kuguna. Akalisoma, akanitazama usoni, akasema, "Haya, pita bro."

Ilichukua sekunde tano. Safari ijayo, msomaji, hebu na wewe mwambie alisome lako.

Nawasilisha.